Nani Alibaki na Trofimo?



Leo sina mahubiri. Nina ushuhuda, ila si ule wa kupigiwa makofi. Nimekaa nao moyoni zaidi ya miaka mitatu. Juzi nilimwomba mwenyewe ruhusa niuandike hapa, akacheka, akaniambia, "Andika, Pasta. Ila jina langu uliache, watu wasianze kunipigia simu usiku." Kwa hiyo nitamwita Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na nusu ya washirika wetu wanamwita hivyo hivyo mpaka leo.

Tafadhali usome hadi mwisho, kwa sababu nina swali kwako.

Mwalimu alikuwa na presha kwa miaka mingi, na dawa alikuwa akimeza siku akikumbuka. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Mwili ukamwasha, chakula kikakosa ladha, akawa anachoka akivuka tu kutoka nyumbani hadi shambani. Tukampeleka Nakuru. Madaktari wakasema figo zote mbili zimeshindwa kazi. Itabidi aunganishwe na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na aendelee hivyo maisha yake yote asipopata mtu wa kumpa figo. Mkewe alikuwa ameshatangulia kwa Bwana. Binti yake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani, kijana wake yuko Mombasa. Nyumbani alikuwa peke yake.

Jumapili iliyofuata nilimwita mbele. Tukamwekea mikono, tukaomba mpaka watu wakalia. Tukachanga. Nikashika kipaza sauti nikatangaza, "Mwalimu, hauko peke yako! Kanisa lote liko nawe!" Kanisa lote likasema Amina.

Na kwa wiki mbili ilikuwa kweli. Akina mama walipika. Vijana walikata kuni. Wageni walijaa sebuleni hadi wengine wakakaa nje kwenye mabenchi. Mimi mwenyewe nilimpelekea ndizi mbivu, parachichi, na chupa mbili kubwa za juisi. Hizo ndizi nitazirudia.

Mwezi wa pili wageni walipungua. Mwezi wa tatu walikuwa wakija mmoja mmoja. Kufikia mwezi wa tano mimi mchungaji wake nilikuwa nimebaki na kazi ya kumtumia ujumbe kwa simu: "Tunakuombea, Mwalimu." Naye anajibu: "Amina, Pasta." Basi. Nikidhani nimechunga.

Hatukuwa tumemchukia, mpendwa. Nimelifikiria jambo hili sana. Sisi watu wa kanisa tunajua matanga: tutakuja, tutapika, tutachanga, tutazika. Tunajua pia ushuhuda: mtu akipona tutaruka naye hadi viatu vitoke. Lakini mgonjwa ambaye hafi wala haponi, anayeumwa Jumanne hii na Jumanne ijayo na Jumanne ya mwaka ujao, hatujui tumweke wapi. Tunachoka naye polepole, na tunaona haya kusema kwamba tumechoka.

Sasa nifike mahali ambapo kuandika ni kugumu.

Mwezi wa tisa tulikuwa na kesha. Ngoma zilikuwa zimepanda, watu wananena kwa lugha, nami nilikuwa nimehubiri hadi shati limelowa. Nikasema, "Kuna mtu hapa ndani, Bwana anakwambia mashine imeisha! Huirudii tena!" Na nilipokuwa nikisema nilikuwa namtazama Mwalimu. Alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka ukutani.

Naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu mambo ambayo siwezi kuyaeleza. Lakini nitakujibu siku moja mbele za Mungu kwa ninayoandika hapa, kwa hiyo niseme kweli: usiku ule Bwana hakuniambia lolote kuhusu mashine. Ilikuwa ni moto wa ibada, na nilitaka muujiza utokee kanisani kwangu.

Jumanne Mwalimu hakwenda hospitali. Ijumaa hakwenda. Jumapili alisimama kutoa ushuhuda, na kipaza sauti nilimpa kwa mkono wangu. Akasema hajaguswa na mashine kwa siku tisa na bado anasimama. Kanisa likalipuka. Watu ambao hawakuwa wamekanyaga kwake kwa miezi walimkumbatia. Nilimwona akilia, nikadhani ni furaha ya uponyaji.

Usiku huo, saa 4 hivi, kuna kijana wa boda boda alipita kwake kumjulia hali. Ni kijana wetu, yule anayekaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Alimkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti. Hawezi kulala chali, anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio, midomo imebadilika rangi. Kijana hakuanza kukemea wala kunitafuta. Alikimbia kwa jirani mwenye Probox, wakamkimbiza Nakuru, na mimi nikapigiwa simu wakiwa wameshafika.

Nilipofika walikuwa wameshamuunganisha. Daktari wa zamu alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Figo zikikosa kufanya kazi, maji hayana pa kutokea, na yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Potasiamu nayo ilikuwa imepanda kwenye damu, na ikipanda sana moyo husimama. Akasema angekaa nyumbani hadi asubuhi, pengine tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Alfajiri Mwalimu alifumbua macho. Nikamuuliza, "Mwalimu wangu, ulikuwa unashindwa kupumua. Kwa nini hukuniambia hata jana pale kanisani?"

Alinyamaza. Kisha akasema, "Sikukudanganya, Pasta. Nilitaka sana iwe kweli." Akanyamaza tena. "Miezi hii yote nimekaa hapa peke yangu. Nilidhani nikipona mtanirudia."

Mpendwa, nimehubiri miaka 19. Sijawahi kuhubiriwa hivyo.

Nilitoka nje nikamkuta yule kijana kwenye kibanda cha chai. Nikamnunulia mandazi, nikamuuliza tangu lini anamjua Mwalimu vile. Akasema tangu mwezi wa tatu. Alimkuta saa 11 asubuhi karibu na steji amekaa juu ya jiwe, amechoka kabla hata safari haijaanza. Akamwambia, "Ijumaa nitakuja kukuchukua mlangoni." Akaja. Tangu siku hiyo kila Jumanne na Ijumaa alimbeba hadi steji ya matatu bila kumtoza hata shilingi, na jioni alimngojea arudi. Ni baada ya lile kesha tu ndipo Mwalimu alimwambia asije tena.

"Mbona hukutuambia kanisani?" nikamuuliza.

"Sikujua ni jambo la kutangaza, Pasta. Mimi kuomba kwa sauti sijui. Pikipiki ndiyo najua."

Nilirudi nyumbani na sikulala. Nilifungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya mwisho, pale Paulo anapowataja watu mmoja mmoja. Katika mstari wa 20 anataja, kama kwa kupita tu, kwamba alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Nimeusoma mstari huo mara ngapi? Nilikuwa nikiupita kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria.

Fikiria nami. Huyu ni Paulo yule yule wa Matendo sura ya 19, ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake vilipelekwa kwa wagonjwa kule Efeso wakapona. Na Trofimo alikuwa mtu wa Efeso! Kama kuna mtu ambaye miujiza ile ilifanyika mjini kwake, ni yeye. Lakini Trofimo aliugua, hakupona siku ile, na safari ikaendelea bila yeye. Paulo hasemi kwamba Trofimo alikosa imani, wala hatafuti dhambi iliyofichika. Anasema tu kwamba ni mgonjwa, na yuko Mileto.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: nani alibaki naye? Maana mgonjwa hawezi kuachwa barabarani. Kuna mtu wa Mileto aliyempa mahali pa kulala. Kuna mtu aliyechota maji, aliyefua nguo zake, aliyemshika akienda chooni usiku. Biblia haikuandika jina la mtu huyo. Mimi maisha yangu yote nilitaka kuwa Paulo mwenye vitambaa. Sikuwahi kuomba niwe yule wa Mileto.

Jumanne iliyofuata saa 11 asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu. Nilimwambia Jumanne ni zangu. Hakuniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini.

Nikueleze niliyojifunza, pengine yatakusaidia na wewe.

Nilijifunza kwamba kila kipindi cha mashine ni kama saa nne. Damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mrija mwingine. Mgonjwa anapimwa uzito akiingia na akitoka, na tofauti kubwa ni maji yaliyoondolewa. Figo zako na zangu zinafanya kazi hiyo mchana na usiku bila kutuuliza. Wiki ina saa 168. Mashine inamfanyia Mwalimu kazi saa 8 tu. Saa 160 zilizobaki anajichunga mwenyewe. Ndiyo maana amepimiwa maji: chini ya lita moja kwa siku, na chai imo humo, uji umo, supu imo. Mtu aliyepimiwa maji hivyo, ukimwambia "kunywa kidogo tu Mwalimu, usitukatae," hujamkirimu. Umemjaribu.

Nilijifunza habari ya ndizi. Ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi, na figo zake haziwezi kuitoa. Zawadi yangu ya kwanza ingeweza kumdhuru. Alicheka akaniambia, "Zile ndizi zako niliwapa watoto wa jirani, Pasta. Walikusifu sana." Kwa hiyo uliza kwanza kabla hujabeba kikapu. Mgonjwa wa kisukari ana yake, wa saratani ana yake, wa figo ana yake.

Nilijifunza kuhusu mkono wake wa kushoto. Walimfanyia upasuaji mdogo wakaunganisha mishipa ili sindano zipate njia. Ukigusa pale unasikia damu ikivuma chini ya ngozi. Mkono huo haubebi mzigo, haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo. Nami miezi yote ile nilikuwa nikiuvuta nikimsalimia kwa nguvu pale mlangoni pa kanisa.

Nilijifunza kwamba kumsindikiza kurudi ni muhimu kuliko kumpeleka. Akitoka kwenye mashine anakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Kizunguzungu, misuli kukaza, presha kushuka. Hapo ndipo alipokuwa akipanda matatu peke yake, amesimama kwenye foleni na wanafunzi.

Na nilijifunza kunyamaza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Sisi tunasikiliza redio. Siku nyingine ananisahihisha Kiswahili changu cha Jumapili iliyopita. Anasema mchungaji mzima nachanganya ngeli kama mtoto wa darasa la tatu.

Usidhani ilikuwa tamu. Kuna Jumanne niliamka sitaki. Kuna Jumanne nilisinzia kabla ya mgonjwa kusinzia. Kuna siku alinifokea mbele ya watu kwa sababu nilichelewa dakika kumi, nikakasirika njia nzima. Na kitanda kilichokuwa mkabala wetu kulikuwa na mama mmoja aliyependa kutuonyesha picha za wajukuu. Jumanne moja tukakuta mtu mwingine amelala pale. Hakuna aliyeuliza kitu. Mwalimu alinishika mkono akaushikilia hadi sindano zilipotolewa. Sikuwa na andiko siku hiyo. Nilikuwa na mkono tu.

Baada ya wiki kadhaa nilisimama madhabahuni nikatubu mbele ya kanisa, kwa jambo lile nililolisema kwenye kesha. Nikasema: katika kanisa hili hakuna mtu atakayeacha dawa au mashine kwa sababu ya neno la mhubiri, hata mhubiri akiwa mimi. Kama Bwana amekuponya, nenda kwa daktari, atapima, na vipimo vitasema. Mungu haogopi vipimo. Familia mbili ziliondoka wakisema imani yangu imepoa. Bado inaniuma, kwa maana nawapenda. Lakini sikubadilisha maneno.

Kisha tukafanya hesabu. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 52 ni safari 104 kwa mwaka. Mtu mmoja atachoka. Hata yule kijana, ambaye petroli na muda vilikuwa vyake, angechoka. Lakini watu wanane wakigawana, kila mmoja anapata safari 13, yaani mara moja kwa mwezi na moja ya ziada. Tukanunua daftari. Kuna mama wa mboga ambaye Ijumaa moja kwa mwezi anamwachia mwenzake kibanda. Kuna binti wa kwaya. Kuna yule jirani wa Probox, ambaye si wa kanisa letu na wala hatujamlazimisha awe.

Na si lazima uende hospitali. Bima ya serikali, ilipokuwa NHIF na hata sasa ikiwa SHA tangu Oktoba 2024, inalipia mashine. Hailipi nauli. Hailipi chakula cha mchana. Haikai na mtu. Kwa hiyo kuna ndugu anayetuma nauli kwa M-Pesa kila Jumatatu jioni, bila kukumbushwa. Kuna dada anayefua. Kuna kijana anayehakikisha karatasi za bima ziko sawa. Kuna mwingine kazi yake ni moja tu: anampigia binti yule wa Saudia kila Ijumaa usiku kumwambia, "Baba amefika salama, amekula, amelala." Anasema binti huwa analia kila mara, kisha anashukuru.

Mwalimu yuko hai. Hajapona. Bado naomba kila Jumanne, kwa sauti ya chini, kabla ya sindano kuingia, na namwomba Mungu amponye kabisa. Akipona kesho, mimi ndiye nitakayeruka wa kwanza. Asipopona, Jumanne nitakuwa mlangoni saa 11.

Sasa swali langu. Trofimo wako ni nani?

Yupo. Ni yule mliyemchangia mwaka jana, halafu jina lake likatoka kwenye orodha ya maombi kwa sababu lilikuwa limekaa sana. Ni jirani wa saratani. Ni shangazi aliyepooza, na binti anayemwangalia ambaye hajalala usiku mzima tangu Krismasi.

Usimwambie, "Ukihitaji chochote niambie." Hatakuambia. Mgonjwa ana haya kuliko unavyodhani. Mwambie, "Alhamisi saa 4 nitakuwa hapa, nitakaa na mama hadi saa 8, wewe ulale." Kisha uwe hapo Alhamisi saa 4. Ahidi kidogo, utimize chote. Na ukiona umechoka, usitoweke kimya kama nilivyofanya mimi. Sema, ili mwingine ashike zamu.

Na kama wewe unayesoma ndiwe mgonjwa, nisikilize kama mchungaji wako. Kumeza dawa si kukosa imani. Kuunganishwa na mashine si kumkana Mungu. Wala huhitaji kupona kwanza ndipo turudi kwako. Kama kanisa lilikuacha, ni sisi tuliokosa, si wewe. Tusamehe.

Tuombe. Bwana Yesu, ponya wagonjwa wetu, maana unaweza. Na kwa kila siku ambayo bado ni wagonjwa, tupe miguu ya kwenda, masikio ya kusikia, na kinywa kinachojua kunyamaza. Ututoe kwenye jukwaa ututume Mileto. Katika jina la Yesu, Amina.

Hapo chini usiandike Amina peke yake. Andika siku na saa utakayokwenda. Jina la mgonjwa usiliandike, Mungu analijua.

Tuonane Jumapili.